Aliyefuata Nyuma

Mwalimu Balikwisha alitufundisha Kilatini
katika darasa lisilo na madirisha, kule Ndosho,
chaki ikisagika kwa ubishi wa ubao.
Karo tuliiita minervali,
jina la mungu wao wa kike,
naye hakuwahi kutupunguzia hata faranga.

Mji unawaka, alisoma, na mtu amembeba babaye mgongoni.
Mzee amekumbatia miungu ya nyumbani.
Mtoto ameshikwa mkono, hatua zake fupi.
Na mke, mwalimu?
Mke yuko nyuma. Ameambiwa afuate.

Kulikuwa na neno moja lililomshinda kutafsiri,
lilikuwa na utii ndani yake, na huruma, na kitu kingine.
Akaandika *heshima*, akafuta kwa kiganja.
Akaandika *mzigo*. Akaliacha.
Kengele ikalia, tukakimbilia mikate.

Usiku ule mbingu ya Goma
ilikuwa nyekundu kama sufuria iliyosahaulika jikoni.
Papa nilimpandisha kwenye chukudu ya jirani,
miguu yake mikavu ikining'inia huku na huku.
Kifuani alibana kichwa cha cherehani,
picha ya ubatizo wa marehemu mama,
na hati ya kiwanja, imeviringishwa ndani ya soksi,
kiwanja ambacho saa ileile kilikuwa kinamezwa.
Mumbere, nikasema, shika shati langu, usiachie.
Kahambu, wewe njoo nyuma.

Nilisema mwenyewe. Kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili,
na wala sikukumbuka darasa.

Barabara ya Sake ilikuwa mto wa magodoro,
mbuzi, watoto wa watu, pikipiki zisizo na taa.
Kulipopambazuka tukahesabiana:
Papa, Mumbere, mimi.
Nikahesabu tena, kana kwamba kosa ni la hesabu.

Nilirudi nikipasua umati.
Mara tatu nikaona kitenge chake cha kasuku,
mara tatu kikageuka na sura ya mwanamke mwingine.

Katika kitabu cha mwalimu, mke aliyepotea
humtokea mumewe kama kivuli, akamtuliza:
nenda, kuna ufalme unakungoja.
Kahambu hakuja kuniruhusu lolote.
Nilipiga simu mpaka moto ukaniishia.
Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa:
hiyo ndiyo sauti pekee niliyopewa kutoka kuzimu,
na ilikuwa na adabu sana.

Ufalme haukuwepo. Tulirudi.
Jiwe lilikuwa bado lina joto,
majirani wakatenga sombe juu yake, kuni zikabaki.
Papa akaitoa hati kwenye soksi, akapima kwa hatua,
akasema, hapa.
Nimejenga juu ya paa la nyumba yangu.
Mbao, mabati, misumari ya kuokota.
Warumi waliimba kuta zao, na waimbe;
zetu usiku zinapenya taa ya jirani na kikohozi chake.

Juzi nilimkuta Mwalimu Balikwisha
kwenye kibanda cha kuuza vocha, miwani imefungwa uzi.
Ule mstari, akasema bila salamu,
nimeufundisha miaka thelathini na moja.
Nilikuwa nawauliza wanafunzi nani kambeba nani.
Akanihesabia chenji, akakosea, akaanza upya.
Sikuwahi kuwauliza kwa nini hakugeuka.

Sikumjibu. Nilinunua vocha mbili, simu yangu ina moja tu.

Sasa tukienda ziwani kuchota maji
Mumbere ndiye hutangulia na bidoni la njano,
Papa katikati, na fimbo yake, akilalamikia mteremko.
Nyuma ni mimi.
Na bado, kila baada ya hatua kadhaa, nageuza shingo.
Unaangalia nini? huuliza mtoto.
Pikipiki, namwambia. Siku hizi zinakuja bila honi.